Swali la lugha: Amekosa boti au boti imemwacha?

SWALI: Natafsiri habari ya michezo. Kwa Kiingereza imeandikwa kwamba klabu fulani "missed the boat" kwa kuchelewa kumsajili mshambuliaji. Nimeandika "klabu ilikosa boti", mhariri akaikata bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Mhariri yuko sahihi, ila maelezo ulistahili kupewa.

Msemo huo humsema mtu aliyezubaa mpaka nafasi ikampita. Waingereza hutumia hata basi. Tarehe 4 Aprili 1940, Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitamba kuwa basi limeshamwacha Hitler. Siku 5 baadaye majeshi ya Ujerumani yakaingia Denmark na Norway, na maneno yakamrudia mwenyewe.

Umeona nilivyoandika: basi limemwacha. Kwa Kiingereza msafiri ndiye anayekikosa chombo. Kwetu chombo ndicho kinachomwacha msafiri. Mtu anayefika bandarini Dar es Salaam anahema, tiketi mkononi, boti ya Unguja imeshatoka, atasema "boti imeniacha" au "nimeachwa na boti". Akisema "nimekosa boti", nitadhani nafasi zimejaa, au siku hiyo hakuna safari. Ndiyo maana sentensi yako inasomeka kana kwamba wachezaji walikwama gatini.

Je, uandike "boti imeiacha klabu"? Sarufi haina tatizo, lakini msomaji atajiuliza boti gani. Mimi ningeandika: "Klabu ilizubaa, mshambuliaji akachukuliwa." Kuzubaa kunabeba lawama iliyomo katika msemo wa Kiingereza. "Ilikosa nafasi" haina lawama hiyo, kwani mtu huweza kukosa nafasi bila uzembe wowote.

Pengine utavutiwa na "chelewa chelewa utakuta mwana si wako". Methali tamu, ila ni onyo kwa mtu ambaye bado ana muda, na hapa usajili umekwisha. "Kuachwa kwenye mataa" ndiyo usiiguse kabisa: hapo mwenye kosa ni aliyekuacha, na klabu yako haikutelekezwa na mtu.

Najua utaniuliza mbona tunasema "dirisha la usajili", na hilo nalo limetoka kwa Kiingereza. Kweli, lakini watangazaji wa mpira wamelitumia mpaka hakuna anayetafuta bawaba zake. "Kukosa boti" bado kunanukia kamusi.