Wasaidizi wapya wa mawaziri, someni hapa kabla Bunge halijaanza

Wadogo zangu, juzi nimeona tena ratiba ya ziara ya waziri mkoani: wizara mwanzo mwisho, jimbo lake halimo. Nimesema vikaoni mpaka nimechoka, sasa naandika.

1. Mheshimiwa wako ni mbunge kwanza. Ibara ya 55(4) ya Katiba inataka waziri atoke miongoni mwa wabunge, na nafasi za ubunge wa kuteuliwa na Rais hazizidi 10. Jimbo likimtema, baraza nalo kwaheri. Mtazameni mzee Wasira. Mwaka 1995, akiwa NCCR-Mageuzi, alimbwaga jimboni Bunda Jaji Warioba, Waziri Mkuu mstaafu, mahakama ikatengua ushindi huo. Akarudi bungeni na CCM mwaka 2005, akawa waziri wizara baada ya wizara chini ya Kikwete. 2015, Wasira akiwa Waziri wa Kilimo, Ester Bulaya wa Chadema akamwangusha Bunda Mjini. Wala hakustaafu: Januari 2025 CCM ikamchagua Makamu Mwenyekiti Bara. Lakini si kila mtu ana pumzi ya Wasira.

2. Kabla ya kuandaa jibu la swali la bungeni, soma Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge) uone bosi wako alisema nini alipokuwa hajawa waziri. Mbunge mwenye swali la nyongeza ameshaisoma.

3. Viongozi wa kata. Hili linaniuma. Tulikuwa tunawahi uzinduzi wilaya jirani, na ratiba niliiandika mimi: njiani hakuna kusimama. Kufika senta moja ya jimboni kwetu, mwenyekiti wa chama wa kata kafunga turubai, kina mama wa UWT, umoja wa wanawake wa CCM, wako kwenye sare, kreti za soda zimepangwa mezani. Bosi alikuwa amesinzia. Dereva akanitazama, nikamwambia kanyaga. V8 zikapita, vumbi likawashukia wale kina mama na khanga zao za kijani. Jioni mwenyekiti akapiga: "Mwambie mheshimiwa soda zake wamekunywa watoto." Mjinga mimi nikacheka, na ujumbe sikuufikisha. Kura za maoni za chama za kumpata mgombea zilipofika, wajumbe wa kata ile walimpa kura za kuhesabu kwa vidole. Bosi alipojua kisa kizima hakunifokea. Aliuliza tu, "Sasa kwa nini hukuniamsha?"

4. Rambirambi ifike kabla ya maziko, tafadhali.

5. Mfuko wa Jimbo, zile fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo: tunzeni mihtasari na risiti. Mwenyekiti wa kamati ni mbunge, ila wakaguzi wa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) wakija, yeye yuko Dodoma na faili liko kwenye droo yako.