Maswali na Majibu: Methamfetamini na Matibabu ya Waraibu wa Kiume

Swali: Mwanangu wa miaka 24 hukesha siku mbili tatu bila kula. Usiku huifungua redio, huzipanga skrubu zake juu ya gazeti, kisha huanza upya. Anasisitiza kuwa jirani anamchungulia. Je, amerukwa na akili? (Mama, Kondele, Kisumu)

Jibu: Mama, yote uliyoyaeleza yanaweza kusababishwa na methamfetamini, dawa ya kulevya inayochangamsha mwili na akili, hata hilo la kufungua na kufunga kitu kilekile usiku kucha. Dawa hii huufanya ubongo umwage dopamini, kemikali inayompa mtu raha na ari, kwa wingi usio wa kawaida, huku mapigo ya moyo, shinikizo la damu na joto la mwili vikipanda. Nusu yake huwa ingali mwilini baada ya takriban saa 10, na mtu asipolala ndipo shuku na sauti zisizokuwapo huzidi. Usibishane naye kuhusu jirani. Mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya akili, kwa maana ingawa wengi hutulia wakiacha, wapo ambao dalili hizo hubaki nao. Akipata maumivu ya kifua, degedege au joto kali, mkimbize hospitalini papo hapo.

Swali: Mume wangu ameacha wiki moja sasa. Analala mchana kutwa, na wakwe zangu wanasema ni uvivu. (Dada, Kakamega)

Jibu: Si uvivu, na ningependa wakwe zako wasome jibu hili. Mwili unalipa deni la usingizi, nao ubongo umeishiwa na kile kilichokuwa kikimchangamsha. Mwache alale, ale na anywe maji, lakini asiachwe peke yake, kwa kuwa majonzi ya majuma haya ya kwanza huweza kuleta mawazo ya kujiua. Muulize waziwazi kama anayo. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo. Ubongo huchukua mwaka mmoja au zaidi kupata nafuu, tena si kikamilifu kwa kila mtu.

Swali: Je, methadoni itamfaa kaka yangu? (Njoro, Nakuru)

Jibu: Hapana. Methadoni ni dawa ya kutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Methamfetamini haina dawa iliyoidhinishwa mahsusi. Kinachosaidia ni ushauri nasaha, pamoja na mpango wa kumpa mgonjwa zawadi ndogo kila mkojo wake unapopimwa na kukutwa safi. Watu huucheka mpango huo, ilhali ndio wenye ushahidi mzito zaidi.

Swali: Nitapataje kituo cha wanaume huku kwetu? (Ndugu, Bungoma)

Jibu: Piga 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize vituo vilivyoidhinishwa vinavyopokea wanaume karibu nawe. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, nayo hutibu waraibu. Kabla ya kulipa chochote, nenda ukajionee mwenyewe: soma cheti na tarehe kinapokwisha, uliza ni daktari gani atakayempima siku ya kwanza, na udai ada yote kwa maandishi, pamoja na kama Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, itagharamia sehemu yoyote. Kituo kinachojitolea kutuma vijana wakamkamate mgonjwa usiku, au kinachokataza familia kumtembelea kabisa, kiache. Uliza pia ni mshauri yupi wa Bungoma atakayempokea akishatoka, maana wengi hurudia dawa wakifika nyumbani, na kituo kisicho na jibu la swali hilo kimefanya nusu ya kazi kwa ada kamili.