Fikasi inamwaga majani, nifanyeje?

Swali: Nilihama toka Nakuru nikaja Kisumu na fikasi yangu, ule mti wa kupamba nyumba unaopandwa kwa chungu, sasa kila siku inaangusha majani, ya chini yamekuwa manjano na namwagilia kila asubuhi lakini wapi.

Jibu: Pole sana dada. Fikasi haipendi kuhamishwa, mwanga ukibadilika tu inaangusha hata majani mabichi, lakini hayo manjano ya chini nashuku sana ni maji yamezidi, kwa hivyo wacha kumwagilia kila siku. Ingiza kidole kwa udongo, juu kukiwa bado na unyevu ngoja, na umwage maji yaliyotuama kwa sahani ya chini ya chungu maana mizizi ikikosa hewa inaoza. Iweke karibu na dirisha na usiisogeze tena, tafadhali! Mbolea ngoja mpaka machipukizi yatokee. Kwaruza tawi kidogo na kucha, ukiona kijani ndani liko hai.