Muulize Shangazi: Namalizia siriali ya mtoto, bado niko lokabu?

Shangazi shikamoo. Mi niko huku Houston, Texas, nafanya kazi ya kuhudumia wazee zamu ya usiku, lokabu, yaani kula wanga kidogo, nilianza miaka mitatu iliyopita nilipoona uzito wa uzazi hauondoki na nimepungua kilo 14 namshukuru Mungu. Sasa tuna chama chetu cha akina mama, karibu wote tunakula lokabu, zamani ukigusa hata kipande cha chapati unasemwa mpaka unajuta. Juzi naingia kwa mwenyeji wetu, yule yule aliyekuwa mkali kuliko wote, namkuta na bakuli la Frosted Flakes, ile siriali ya mahindi yenye sukari, na maziwa, anakula huku anacheka, ati siku hizi tumeacha ushamba, bakuli moja baada ya mazoezi halina neno. Mwingine ananunua siriali za keto, boksi moja kwa bei ya mawili ya kawaida. Mi mwenzenu namalizia bakuli la mwanangu wa miaka sita nikijidai sitaki kutupa chakula. Hivi sayansi imebadilika au wenzangu wamechoka tu? Mchovu wa Mayai.

Marahaba mwanangu, na jina lako limenichekesha maana mi mwenyewe nilifika mahali nikisikia mayai yanakaangwa natoka nje.

Wamechoka. Hilo nakwambia bila kupepesa. Ila kuna kitu kingine pia kimebadilika, zamani mtu akisema lokabu alimaanisha keto kabisa, gramu 20 mpaka 50 za wanga kwa siku nzima basi, siku hizi wengi wanakula gramu mia na kitu na bado wanajiita lokabu, na ukiwa na nafasi hiyo bakuli moja la siriali linaingia. Na huyo mama wa mazoezi hadanganyi sana, misuli iliyotoka kufanya kazi inavuta sukari vizuri kuliko misuli ya mtu aliyekaa kwenye kochi tangu asubuhi. Swali ni kama kweli alifanya hayo mazoezi au alivaa raba tu.

Sasa geuza boksi lako usome lebo. Kipimo kimoja cha Frosted Flakes ya huko Marekani ni kikombe kimoja, gramu 37, humo ndani wanga ni gramu 33 hivi na sukari iliyoongezwa gramu 12, yaani vijiko vitatu vya chai. Weka kikombe cha maziwa, maziwa nayo yana sukari yake ya asili, ongeza gramu 12 nyingine. Umefika 45 na bado hujaoga. Na hapo nimehesabu kikombe kimoja, mwanangu, nani anapima? Mi nilijitia kupima, nikachukua bakuli langu la siku zote nikamwaga kama ninavyomwaga siku zote halafu nikaweka kwenye mizani ya kupimia unga wa keki, ikasoma gramu 81. Nikarudisha mizani kabatini nikala.

Halafu kuna wale wanaosema afadhali mimi nakula Corn Flakes kavu haina sukari. Hao ndo wanajidanganya kuliko wote. Kikombe kimoja na nusu, gramu 42, sukari kweli ni gramu 4 tu lakini wanga ni 36, na mahindi yaliyopikwa yakabanwa yakawa vipande vyembamba hayachukui muda tumboni kugeuka sukari ya damu. Mtu wa lokabu anayesoma mstari wa sukari peke yake ni sawa na anayekataa soda halafu anakula sahani mbili za wali mweupe.

Na hizi siriali zina historia ya kuchekesha. Daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek kule Michigan alizitengeneza kwa ajili ya wagonjwa wake na sukari hakuitaka kabisa, mdogo wake Will akataka kuitia ili ziuzike, wakagombana ndugu wa tumbo moja, Will akafungua kampuni yake mwaka 1906, ndiyo iliyokuja kuitwa Kellogg's. Mwaka 1952 ikatoka Sugar Frosted Flakes, neno sukari liko mbele kabisa kama sifa! Miaka ya 1980 watu walipoanza kuiogopa wakafuta neno kwenye boksi, sukari wakaiacha humo humo. Na juzi juzi tu, 2022, kampuni ilienda mahakamani London kupinga masharti ya mahali pa kupanga vyakula vya sukari dukani, hoja yao ni kwamba siriali ihesabiwe pamoja na maziwa maana karibu hakuna anayeila kavu. Wakashindwa. Hakuna anayeila kavu? Waje kwangu saa sita usiku.

Hizo za keto sizichukii, nyingi ni protini ya maziwa na sukari iitwayo alulosi ambayo mwili hauitumii sana, ila boksi zima mtu anamaliza kwa siku mbili kwa sababu limeandikwa keto. Kama hela ipo nunua. Kama haipo usikope kwa ajili ya siriali jamani.

Wewe fanya hivi: la mtoto liache, hilo la kumalizia ndo linakuharibia kwa sababu hulihesabu. Ukitaka lako, pima kikombe kimoja, kaa mezani, kula kama dizati wikiendi. Na mtoto mchanganyie nusu yenye sukari nusu isiyo na sukari, baada ya wiki mbili hatakumbuka.

*

Shangazi, mi ni baba wa miaka 58, Mombasa, nina sukari, nadunga insulini asubuhi na jioni. Kijana wangu kaniambia niache mkate na Weetabix nile mayai na parachichi tu, nianze kesho. Weetabix si haina sukari? Na naitia asali tu.

Baba, kesho usianze. Insulini yako imepimwa kulingana na mkate unaokula, ukiuondoa ghafla halafu ukadunga dozi ile ile sukari itashuka utaanguka bafuni. Nenda kliniki kwanza uwaambie unataka kupunguza wanga, wapunguze dozi, wakuelekeze na kujipima mara kwa mara hizo wiki za mwanzo. Weetabix mbili zina sukari chini ya gramu 2, hapo uko sawa, ila wanga ni gramu 26 hivi, afadhali kidogo maana ni ngano nzima ina nyuzinyuzi. Na hiyo asali ni vijiko vingapi? Maana asali ni sukari baba, hata ikitoka Kitui.