Maswali ya tairi: umri, saizi na upepo

Pale soko la Kiseka nimeonyeshwa matairi ya mtumba kutoka Japani. Kashata (michongo ya tairi inayokanyaga barabara) imejaa kabisa na bei ni nafuu kuliko mapya. Ubaya uko wapi? (Dereva wa teksi, Kampala)

Kashata haikuambii umri, ndugu dereva. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mara nyingi zimepigwa upande mmoja tu, kwa hiyo mwambie muuzaji aligeuze tairi, na akianza kununa endelea na safari yako. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Unakakamaa, unapasuka vinyufa vyembamba karibu na ubavu, halafu siku ya joto, gari limejaa, mko njiani kuelekea Gulu kwa kasi, tairi linachanika.

Japani kuna jambo jingine. Kule theluji huanguka, na matairi mengi ya mtumba ni ya baridi. Utaona neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi, karibu na nyuzi 7 kwenda chini. Kwenye lami ya Kampala saa nane mchana linalika upesi, na gari huyumba kwenye kona. Ndiyo maana kashata imejaa: msimu wa theluji ni mfupi, tairi limezeeka stoo. Kwa mtu anayebeba abiria, mimi ningenunua jipya la bei ya chini kabla ya mtumba mzuri wa macho. Na hata dukani soma DOT. Jipya lililokaa rafuni miaka mitano si jipya sana.

Premio yangu inatumia 195/65R15 91H. Muuzaji anasema 205/65R15 "linaingia". Nichukue? (Mwalimu, Mbale)

Kuingia kwenye rimu litaingia, Mwalimu. Lakini piga hesabu: 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, 15 ni inchi za rimu. Tairi lako lina kipenyo cha milimita 634 hivi. Hilo la muuzaji lina 647. Spidi mita ikisoma 100 utakuwa unakwenda 102, tofauti ndogo. Ila ukipakia watu watano na kukata kona hadi mwisho, laweza kusugua ndani ya madigadi. Kama 195 haipatikani, 205/60R15 iko karibu zaidi. Hiyo 91 ni namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, kilo 615 kwa kila tairi: usishuke chini yake hata ukibembelezwa.

Nina pesa ya matairi mawili tu. Fundi anataka kuyaweka mbele kwa sababu ndiko gari linakovutia. Ni sawa? (Mama mwenye duka, Masaka)

Mafundi wengi watasema hivyo, nami siafikiani nao. Yaweke nyuma, Mama. Kwenye lami yenye maji, mbele kukiteleza gari hunyooka tu; ukiachia mafuta taratibu, linarudi. Nyuma kukiteleza, gari linageuka mzima mzima, na wachache kati yetu wanajua kulirudisha. Lakini yale ya zamani yanayohamia mbele yasiwe vipara. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha.

Wenye Subaru za kuvuta magurudumu yote manne, jibu hili haliwahusu. Matairi yenu yakitofautiana sana kwa kulika, mtambo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma unafanya kazi bila kupumzika, na kuutengeneza ni ghali kuliko matairi yote manne.

Balansi na alaimenti ni lazima, au wananiongezea bili? (Jinja)

Balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, ni lazima kila tairi jipya linapofungwa. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa, fanya kama tairi lililotoka limelika upande mmoja, au usukani unavuta. Dai na valvu mpya. Ni bei ndogo, na ya zamani huvuja.

Fundi wa pancha ananijazia upepo hadi PSI 40 kila mara. Ni sawa? (Arua)

Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo: kinataja upepo unaofaa gari lako. Kikiandika kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, 230 kPa ni kama PSI 33. Pima asubuhi kabla hujaendesha. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, haikuandikwa kwa ajili ya gari lako.