Usiuze Hilux ya nyumbani ili ufufue Datsun

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Molo, nina mke na watoto watatu. Nimerithi Datsun 240Z ya 1972 kutoka kwa marehemu ami yangu. Inahitaji rangi tu, ingawa zulia la upande wa abiria huloa mvua ikinyesha na ndani hunuka petroli. Nataka tuuze Hilux tunayobebea viazi, 2.4 ya dizeli, nimalizie kazi hiyo. Mke wangu amekataa katakata. Anadharau urithi wangu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Barua hii umeiandika kumshtaki mkeo, lakini kila mstari unamtetea.

Rangi tu? Hapana. Zulia likiloa, maji yanaingia, na sakafu ya 240Z ni bati jembamba linaloozea chini ya zulia bila wewe kujua. Ling'oe zulia, chukua bisibisi, dunga sakafu, reli zinazopita chini yake, kikalio cha betri na matao ya magurudumu ya nyuma. Bisibisi ikizama, kuna kukata bati na kuchomelea jipya kabla ya rangi. Ukipaka juu ya kutu itafura na kubanduka, ulipe mara mbili. Harufu nayo ni hatari. Kagua mpira wa mlango wa nyuma, ambako moshi wa ekzosi hurudi ndani, na mipira ya kupumulia tangi, ambayo hupasuka kwa uzee. Usipakie mtoto humo. Na hao watatu ungewaweka wapi, gari lenyewe lina viti viwili? Hilo hukuliandika. Mkeo ameliona.

Sifa za gari hilo sizikatai: lilishinda Safari Rally 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta. Tena injini ya Datsun na ya Hilux zote zina cc 2,393 na nguvu za farasi karibu 150. Tofauti iko kwenye mvuto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu, inayopimwa kwa Nm. Datsun hutoa chini ya Nm 200, tena mpaka injini izunguke mara 4,400 kwa dakika. Hilux yenye tabo hutoa hadi Nm 400 kwenye mizunguko 2,000 hivi, ndiyo maana hupanda tope la Molo na magunia mgongoni. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Halafu umeandika "tunayobebea". Basi ni mali yenu wawili. Kadi ina jina la nani? Vijana wa sasa mnaoa mkitaka mke wa kuitikia mipango. Akiuliza karo itatoka wapi, mnasema ana dharau. Huyu hajamdharau marehemu. Amelinda chakula cha watoto wako.

Datsun usiiuze. Iweke chini ya paa, juu ya stendi, toa betri, mwaga petroli kuukuu kwenye tangi na kabureta zote mbili. Kila msimu mkishauza viazi, kubalianeni kiasi cha kutenga, muanze na bati. Rangi iwe ya mwisho. Na kabla hujamwita fundi, mwombe mkeo radhi.