Kabla ya Stonehenge, nipe siku mbili: mawe ya Avebury na kanisa la magogo la Greensted

Wageni wanaofikia kwangu London huniuliza njia ya kwenda Stonehenge, lile duara maarufu la mawe ya kale. Huwaelekeza, lakini kwanza huwaomba siku mbili: moja ya Avebury, moja ya Greensted. Mwaka juzi nilizitembea siku hizo na mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga, na mengi ninayoandika hapa niliyaona kwa sababu yeye aliyatazama kwanza.

Stonehenge unakata tiketi, na siku za kawaida unayaangalia mawe ukiwa nyuma ya kamba. Avebury hakuna kamba. Ni kijiji cha Wiltshire, magharibi mwa London, kilichoota ndani ya duara la mawe, barabara ya magari inapita katikati, na kondoo wanajilalia kivulini mwa mawe. Kuingia ni bure. Mwenye gari ndiye hulipia maegesho. Sisi tulipanda treni Paddington hadi Swindon, kama saa moja, kisha basi. Vaa viatu vinavyovumilia tope, na angalia unapokanyaga, maana kondoo ni wengi.

Usiyakimbilie mawe. Panda kwanza kwenye tuta linalozunguka eneo lote, zaidi ya kilomita moja ukilifuata mwanzo hadi mwisho, utazame chini kwenye handaki. Limejaa udongo kiasi, lakini lilipochimbwa, miaka 4,500 hivi iliyopita, kina chake kilikuwa kama mita 9. Walichimba kwa pembe za kulungu. Mama alisimama pale juu, kanga kaifunga kichwani kwa upepo, akauliza, "Na hawa waliokuwa wakichimba, nani aliwapikia?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile kila nikienda swali hilo hunirudia.

Ukishuka, utaona nguzo fupi za zege kati ya mawe. Wengi huzipita tu. Naomba usizipite, kwa sababu kila moja inaonyesha mahali palipokuwa na jiwe ambalo sasa halipo. Zama za kati wanakijiji waliyaangusha baadhi wakayafukia. Mwaka 1938 chini ya jiwe moja ilikutwa mifupa ya mwanamume, pamoja na mkasi na sarafu za mwanzoni mwa karne ya 14. Miaka ya 1700 mambo yalizidi. Walichimba shimo chini ya jiwe, wakawasha moto wa majani makavu, jiwe likishapata joto kali wakalimwagia maji baridi, likatoa ufa, nyundo zikamalizia. William Stukeley, mchunguzi wa mambo ya kale, alifika mara nyingi miaka hiyo, akachora na kuandika alichokiona kikiharibiwa. Vipande vilijengea nyumba, na ukitazama kuta za pale kijijini utavikuta. Katika miaka ya 1930 Alexander Keiller, ambaye familia yake ilitajirika kwa jamu ya machungwa, ndiye aliyeyafukua yaliyofukiwa, akayasimamisha upya, na penye pengo akaweka hizo nguzo.

Kwa hiyo jiwe lenye uzito wa tani nyingi halikumshinda binadamu aliyeamua kulivunja. Beba wazo hilo hadi Greensted, huko Essex, upande wa pili wa London. Usijaribu kuviona vyote viwili siku moja.

Panda treni ya chini ya ardhi ya London, njia ya Central, hadi Epping, kisha basi hadi Ongar. Basi si la kila dakika, kwa hiyo soma ratiba ya kurudi kabla hujaondoka. Kutoka Ongar tulitembea kama kilomita moja na nusu, polepole, Mama akishika mkono wangu. Kanisa ni dogo, na usipoambiwa unaweza kuliona la kawaida: paa la vigae, mnara mweupe wa mbao. Zunguka mpaka ukutane na ukuta wenyewe. Ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa wima, bega kwa bega, upande wa mviringo ukiwa nje na upande bapa ukiwa ndani. Zamani walidhani ni ya mwaka 845. Wataalamu walipohesabu pete za miti, ikaonekana iliangushwa baada ya 1060 hivi. Hakuna kanisa la mbao lililo zee kuliko hili ambalo bado limesimama.

Mti umedumu vipi mahali penye mvua kiasi kile? Chini magogo yalioza. Mwaka 1848 mafundi waliyakata sehemu mbovu na kuyakalisha juu ya msingi wa matofali unaouona leo. Paa nalo limebadilishwa. Karne baada ya karne kulikuwa na watu waliokuwa wakisali humo, na palipoharibika walipatengeneza. Hakuna dawa nyingine.

Ndani ni giza kidogo, kaa mpaka macho yazoee. Mama, ambaye babake alikuwa fundi wa majahazi, hakuketi. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akatazama namna magogo yalivyochongwa mifuo pembeni na kuunganishwa kwa ulimi wa mbao, kisha akapitisha kidole kwenye alama ndogondogo za chuma juu ya ule upande bapa.

"Tezo," akasema. "Huyu alikuwa anavuta kwake."

Tulikaa humo karibu saa nzima, naye akanieleza jinsi babu alivyoshika tezo, habari ambazo kwa miaka yote sikuwahi kumuuliza. Ukienda na mzee wako, usimharakishe. Ni parokia hai, kwa hiyo Jumapili ama uingie ibadani na wenyeji, ama usubiri watoke. Na weka chochote kwenye kisanduku cha sadaka: ndicho kinachonunua msumari na bati la kesho.